Mlinzi wa Kulasi

"Alama yangu iko wapi?"

Mama mwenye mashine ya kusaga hakumwuliza baba. Aliniuliza mimi, mbele ya watu waliokuja na ndoo za mahindi na mihogo mikavu. Kichwa cha injini kilikuwa juu ya meza kati yetu, kimetolewa kwenye kitenge chake, kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Baba alisimama karibu na mlango. Alikuwa anaitazama injini iliyobaki bila kichwa, kama mtu ambaye mazungumzo yale hayamhusu.

Baba ni fundi wa injini hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Alipokuwa Uvira alitengeneza malori. Hapa anatengeneza chochote kinachotoa moshi: jenereta, pikipiki za kabaza zinazobeba abiria, na zaidi ya yote mashine za kusaga unga. Hana karakana. Ana sanduku la bati, turubai, na jina. Kambini hakuna anayemwuliza fundi cheti. Wanauliza: nani alikupa injini yake, na ilirudi vipi? Jibu likiwa baya, sanduku la bati linageuka kuwa kiti cha kukalia tu. Tulikuwa tunakula kwa jina lile.

Sehemu ya injini inayoharibu majina ya mafundi ni kichwa. Sisi tuliotoka Congo tunakiita kulasi. Ndani ya kulasi kuna valvu, ambazo baba anaziita supapu, milango midogo ya chuma inayofunguka kuingiza hewa na kutoa moshi. Kila valvu hukaa kwenye kiti chake, pete iliyokatwa ndani ya chuma cha kulasi. Kazi nyingine ya kulasi baba anaweza kuifanya kwa mikono, lakini kukata viti upya na kusawazisha uso wa chini uliopinda kwa joto kunahitaji mashine kubwa, na mashine hiyo iko Kanengo, pale unapoingia Lilongwe. Basi kulasi husafiri. Na shaka husafiri nayo. Kila mwenye mashine ya kusaga hapa kambini ana hadithi ya kulasi iliyoondoka nzima ikarudi nyingine, ya bei rahisi, imepakwa rangi, ikafanya kazi mpaka mahindi ya kwanza ya msimu kisha ikapasuka.

Kwa hiyo kuna desturi. Kwanza, mwenye kulasi huweka alama ya siri, mkwaruzo wa msumari au nukta ya patasi, mahali asipomwambia mtu. Anasema tu, "Nimeweka alama," na fundi anaitikia kwa kichwa. Pili, anamtuma mlinzi. Mlinzi anafuatana na kulasi mpaka Kanengo, anakaa nayo, anarudi nayo. Mlinzi mzuri hali chakula mbali nayo.

Mama huyu alikuwa Mnyarwanda aliyeishi Congo muda mrefu kabla ya kufika Malawi, mjane, na mashine yake ilikuwa karibu na soko. Nilimpenda kwa sababu hakumwamini mtu yeyote. Alinusa unga wa kila mteja kabla haujaondoka, kana kwamba mashine yake mwenyewe ingeweza kumdanganya. Mlinzi wake wa kawaida alikuwa shemeji yake, lakini safari hiyo shemeji alikosa karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini.

"Baba, mi nakuheshimu," alimwambia baba nyumbani kwetu. "Lakini kulasi haijuagi heshima. Nataka mulinzi."

"Weka mulinzi, mama. Nani?"

"Huyu. Huyu wa univasite."

Baba alicheka hadi akakaa chini. "Mama, unaweka mutoto yangu anichunge mimi?"

"Njo!" Kwa Kiswahili cha kwetu, ndiyo. "Huyu mutoto haaminigi mutu. Juzi muchungaji alihubiri, yeye akainua mukono aulize swali. Mukono! Ku kanisa! Mutu kama huyo njo mulinzi."

Ni kweli, nilikuwa nimeinua mkono. Nilikuwa nimemaliza shahada ya hisabati, nimerudi kambini bila kazi, na nilikuwa nawashwa na kila jambo lililosemwa bila sababu. Mchungaji alisema mvua imechelewa kwa ajili ya dhambi za vijana. Niliuliza kwa nini basi imechelewa pia katika mashamba ya Wamalawi wasiotujua. Wiki nzima watoto wa jirani walinipita wakiwa wameinua mikono.

Nilikubali kazi ya ulinzi. Sikumwuliza baba kama anaona vibaya. Nilitaka kuona.

Kabla ya safari, kwenye mashine ya mama yule, baba alinionyesha ugonjwa wa kulasi yenyewe. Aliigeuza juu chini kwenye turubai, akamimina mafuta ya taa kwenye tundu la kutolea moshi, na tukasubiri. Muda si mrefu mafuta yakaanza kutokea pembeni mwa valvu, kama jasho.

"We unaona? Mulango imefungwa, lakini upepo iko inapita. Njo maana mashine inakohoa, inatoa moshi mweusi, unga inatoka kama mchanga. Nguvu inakimbilia inje."

"Valvu imekwisha?"

"Supapu haina neno. Kiti njo kimekwisha. Kimekulwa na moto, kimekuwa kipana, kina mashimo."

Alichukua msumari akachora ardhini. Mashine ya Kanengo, alisema, haikati kiti mara moja. Inakata kwa pembe tatu: moja ya kati ambayo valvu inakalia, moja ya juu na moja ya chini zinazoifanya ile ya kati iwe nyembamba na zinazolainisha njia ya hewa. Hewa haitaki kona kali. Ikipita vizuri, injini inapumua, na mafuta yale yale yanatoa nguvu zaidi.

Nilimsimamisha. Kwa nini kiti chembamba kifunge vizuri kuliko kipana? Kipana kinagusana na valvu sehemu kubwa zaidi.

"Ukikanyagwa na mama munene wa kandambili, na ukanyagwe na binti ya viatu vya kisigino, nani anakuumiza?"

"Binti."

"Basi."

Hilo nilikubali, kwa sababu lilikuwa hesabu. Nikauliza tena, kama wembamba ni mzuri hivyo, kwa nini wasikate kiti chembamba kama unywele?

"Itaungua! Kiti njo inatoa moto ndani ya supapu. Aa, we mutoto, kesho utauliza kwa nini injini iko ya chuma."

Asubuhi ya safari mama mwenye mashine alileta kulasi mwenyewe, imefungwa kitenge cha rangi ya machungwa. Alinikabidhi mimi, si baba. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Nimeweka alama." Baba akaitikia kwa kichwa. Tulipanda kabaza mbili za baiskeli hadi barabara kuu. Mimi nilipakata kulasi, nzito kama mtoto aliyeshiba, na dereva wa baiskeli yangu akalalamika njia nzima kwamba hakuambiwa kuna abiria wa pili. Kwenye lami tulipata lori la nyanya.

Karakana ya Kanengo iko nyuma ya maghala. Hewa ya pale ina harufu ya tumbaku ambayo hukaa kwenye nywele hadi uzioshe. Fundi wa pale alikuwa Mmalawi mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na alijua Kiswahili kidogo alichokipata alipofanya kazi Mbeya. Alimwita baba *achimwene*, ndugu yangu, na wakaanza kucheka kabla hata ya kusalimiana vizuri. Nililiweka hilo akilini. Baba hajui Kichewa zaidi ya *zikomo*, asante, na majina ya vyakula. Walikuwa wanacheka nini?

Fundi aliichukua kulasi mikononi mwangu, akaelekea mlango wa ndani. Nilimfuata.

"*Pepani, achemwali*," alisema, akainua kiganja. Samahani, dada. "Huku huingii."

"Mimi ndiye mlinzi."

"Mlinzi wa chuma?" Alimtazama baba. "Chuma kinakimbia?"

"Kwa nini nisiingie?"

"Vumbi la chuma. Linaingia machoni."

"Na baba yangu hana macho?"

Fundi alicheka, lakini baba hakucheka. "Kaa hapo inje, mama," aliniambia. Ananiita mama ninapomchosha. "Ni mashine, si soko."

"Nimetumwa nikae na kulasi."

"Kulasi iko ndani, we uko inje, katikati ni mulango tu. Si mupaka."

Mlango ulifungwa. Ulikuwa wa bati, na bati lilikuwa na ufa pembeni mwa bawaba. Niliinama nikachungulia. Niliona mgongo wa fundi, mkono wa mashine, na nyuma yake rafu. Rafuni kulikuwa na kulasi nyingine zimepangwa, na baadhi yao zilikuwa za injini kama yetu. Tundu kwa tundu, boliti kwa boliti. Fundi aliiweka ya kwetu kwenye meza chini ya rafu, akainama kutafuta kitu, mgongo wake ukaziba kila kitu. Aliposimama tena nilikuwa siwezi kuapa ipi ni ipi.

Mashine ilianza. Sauti ya kukata kiti si kelele, ni mnong'ono mzito, kama mtu anayepiga mswaki kwenye pipa. Ikanyamaza. Ikanong'ona tena. Kisha ikaja sauti nyingine kubwa ya kusaga, nadhani ndiyo iliyokuwa ya uso wa chini. Kisha nyundo. Nyundo ilinishtua. Baba alikuwa amenieleza mambo mengi kuhusu kazi ile na hakutaja nyundo. Baada ya nyundo wakazungumza kwa sauti ya chini, wanaume wawili wasio na lugha moja ya kutosha, na bado walikuwa na mengi ya kuambiana.

Baba akatoka peke yake, mikono mitupu, akavuka barabara. Alirudi na chupa ya soda akanipa.

Baba yangu hanunui soda. Anasema ni maji yaliyodanganywa.

"Ya nini?" nikauliza.

"Joto."

"Na nyundo ilikuwa ya nini?"

"Kunywa," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sikuifungua. Niliishika tu hadi ikapata joto. Nilipowaza sana niliona kwamba kila nilichokiona kilikuwa na maelezo mawili. Mlango unafungwa kwa ajili ya vumbi, au kwa ajili yangu. Nyundo inapigilia pete mpya ya kiti kwenye tundu lake, au inafuta kitu. Baba ananinunulia soda kwa kuwa ananipenda, au kwa kuwa anataka nikae mbali na ufa wa bati. Niliyapima yote kwa haki, kama walivyonifundisha, na hakuna hata moja lililozidi lingine.

Mlango ulipofunguka kwa mara ya mwisho, kulasi ilikuwa imeshafungwa kwenye kitenge, mafundo mawili, tayari kubebwa.

"Nataka kuitazama," nilisema.

"Vumbi ya barabara itaingia ku viti," baba alisema. "Utafungua kule."

Niliweka kiganja juu ya kitenge. Ilikuwa na joto. Kulasi iliyotoka mashineni ina joto. Lakini hata iliyotoka kwenye karai la maji ya moto ya kuoshea ina joto pia.

Ndivyo tulivyofika mbele ya mama mwenye mashine, na watu wa unga, na meza. Alifungua mafundo taratibu. Aliigeuza kulasi huku na huku. Ilikuwa safi kupita kiasi. Uso wa chini ulikuwa bapa na mweupe, viti viwili viking'aa kama pete za dhahabu nyeupe, vyembamba, sawasawa. Nilimwona akiinama kama anavyoinama kunusa unga. Kisha akaniuliza alama yake iko wapi.

"Sijui, mama. Hukuniambia umeiweka wapi."

"Siwezi kukuambia. Alama ya kuambiwa si alama. Nauliza we, mulinzi. Iko wapi?"

"Ulikuwa nayo ndani?" mtu mmoja akauliza kutoka kwenye foleni.

"Hapana. Walifunga mlango."

Ningeweza kusema nilikuwa ndani. Neno moja, na lingeisha. Lakini sikuwa ndani. Minong'ono ilianza pale pale, na kwa kuwa wengi ni wa nyumbani, niliielewa yote.

"Ee, Mungu wangu, baliiba."

"Fundi wa Uvira?"

"Fundi ni fundi, iwe wa Uvira, iwe wa wapi."

Mwanamume mmoja, mwenye mashine ndogo upande wa pili wa kambi, alikuwa amemletea baba kulasi yake mwenyewe siku hiyo hiyo ili iende Kanengo safari ifuatayo. Ilikuwa chini karibu na miguu ya baba. Mwanamume akaja, akainama, akaiinua.

"Fundi, usikasirike," alisema. "Mi narudi na ya kwangu. Nitafikiri."

Baba alimwachia. Hakuapa, hakupiga kelele, hakumwita Mungu kama ambavyo mtu yeyote wa mtaa wetu angefanya. Aliendelea kuitazama injini ile isiyo na kichwa. Mimi nilikuwa najua habari ilikuwa njiani kuwafikia wenye mashine wengine. Kufikia jioni Dzaleka nzima ingejua, na sanduku la bati lingekuwa kiti. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko minong'ono, kwa sababu mtu mwenye jibu huwa analitoa.

Ndipo nikaanza kufikiri kwa sauti.

"Mama," nilisema, "sitaki uniambie mahali. Niambie kitu kimoja. Uso huu wa chini, unaokaa juu ya injini, gasketi ya kuziba ikiwa katikati. Ulikuwa umepinda. Mashine imeusaga hadi umekuwa bapa. Imeondoa chuma, kidogo, unene wa karatasi, lakini uso mzima. Si kweli?"

Alipitisha kidole juu ya uso ule. Watu wa foleni walisogea karibu.

"Mtu akitaka kuficha alama, ataificha wapi? Pale ambapo haionekani injini ikiwa imefungwa. Uso wa chini. Hakuna anayeuona. Ni mahali pazuri sana pa kuficha, na ndipo mashine ilipokula. Kama uliweka pale, alama yako imebaki Kanengo, kwenye vumbi la chuma. Hata kulasi ikiwa ile ile."

Macho ya mama yalikwenda kwa baba, yakarudi kwangu, yakaenda kwenye kulasi.

"Njo pale," alisema mwishoni. "Uso ya chini. Njo pale nilikwaruza."

Foleni ilipasuka kwa kicheko.

"Mama! Umekwaruza pa kukatwa!"

"Ni kama kuandika jina ku sabuni!"

"Kesho ataweka alama ku unga!"

Yeye mwenyewe alicheka, akiwa amejifunika mdomo kwa kitenge cha machungwa. Mwanamume mwenye mashine ndogo alirudi akaweka kulasi yake chini, palepale ilipokuwa, akampiga baba begani. "Fundi, usikasirike," alisema tena, kwa sauti nyingine. Watu walinisifu. Mama mmoja alisema kumbe univasite ina faida.

Mimi moyoni sikuona sifa yoyote. Nilikuwa nimeonyesha kwamba alama ingeweza kufutika hata kama kulasi ni ile ile. Sikuwa nimeonyesha kwamba ni ile ile. Kulasi iliyobadilishwa nayo isingekuwa na alama. Watu wote pale walisikia "inawezekana" wakaenda nyumbani na "ndivyo ilivyo". Na mama yule, ambaye hakuamini hata unga wake, alikubali haraka mno.

Jioni ile nilikaa na baba akimalizia kazi. Alipaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, akaishika kwa kijiti chenye mpira mwishoni, na kukizungusha kati ya viganja, huku na huku, kama mtu anayewasha moto wa zamani. Kisha alifuta, akachora mistari ya penseli kukatiza kiti, akaizungusha valvu kavu mara chache na kuinua. Mistari yote ilikuwa imekatika mahali pamoja, mduara mwembamba usio na pengo. Alimimina mafuta ya taa. Tulisubiri. Hapakutoka jasho.

"Baba," nilisema, "hii ni ile ile?"

Hakuinua macho. "We njo ulikuwa mulinzi."

Ndilo jibu pekee alilonipa, siku hiyo na siku nyingine zote nilipouliza.

Injini ilifungwa, ikawaka kwa mzungusho wa kwanza. Moshi wake ulikuwa mwembamba hata kuta zilizokuwa nyeusi zikaanza kuonekana chafu. Mashine ilipojazwa mihogo haikushusha sauti, iliimeza. Unga ulitoka laini kiasi kwamba akina mama wa mitaa ya mbali walianza kuvuka mashine mbili kuja kwenye hiyo. Baba alipata kulasi nyingi baada ya hapo, kutoka kambini na hata kwa Wamalawi wa vijijini. Jina lake lilikua. Mimi niliposikia sauti ile safi ya injini nikipita sokoni, nilisikia swali. Kulasi iliyochakaa, iliyopikwa na joto msimu baada ya msimu, inawezaje kurudi na nguvu kuliko ilivyokuwa mpya? Pembe tatu zilitosha kueleza? Nilijaribu kuhesabu. Sikuwa na vipimo vya kabla.

Nilianza kumwangalia baba kama nilivyoiangalia ile rafu ya Kanengo. Alipocheka na mteja nilisikiliza wanacheka nini. Aliponiletea kitu nilitafuta sababu. Hakunilaumu kwa kitu chochote, na hilo pia nilitilia shaka. Nilipopata kazi Lilongwe, ya kuwatafsiria watu wetu wanaokwenda kutibiwa, niliona nafuu kuondoka, na nadhani naye aliona.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa Likuni, kwenye hospitali ya misheni, nikimsaidia mgonjwa wa macho aliyetoka kambini. Alikuwa yeye, mama mwenye mashine, ingawa mashine alikuwa ameshaiuza. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini alikuwa bado ananusa: alinusa hata maji ya kunywa niliyomletea. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tukisubiri kuitwa. Tulizungumza habari za watu, nani ameondoka kwenda ng'ambo, nani ameolewa. Kisha nikauliza, kwa sababu sijawahi kuacha kuuliza.

"Mama, ile kulasi. Uliikwaruza upande gani hasa wa uso wa chini? Karibu na tundu la maji, au karibu na viti?"

Alinigeukia kwa jicho lake zima.

"Alama gani?"

"Alama yako. Iliyofutika."

Alianza kucheka polepole, kisha akashika mbavu, hadi wagonjwa wengine wakatutazama.

"Mutoto wa fundi, mpaka leo? Mi sikuwekaga alama hata siku moja. Nani iko na wakati ya kukwaruza chuma? Unasemaga tu, nimeweka alama. Fundi anaogopa. Imetosha."

"Lakini uliniuliza iko wapi. Mbele ya watu."

"Ilikuwa inang'aa sana! Nikasema, kitu ya mukimbizi haiwezi kurudi muzuri hivi, lazima kuna mutu ananiibia. Basi acha niulize alama, niangalie uso ya fundi. Mwizi anaelezaga. Mwenye hakuiba anakasirikaga. Sasa baba yako hakueleza, hakukasirika, alinyamaza. Na we ukaanza kueleza, kueleza, mashine imekula chuma, sijui unene wa karatasi. Ningesema nini? Nikasema njo pale."

"Na yeye kwa nini alinyamaza?"

"Si alijua. Mafundi ba zamani bote banajuaga alama ya mudomo. Angesema nini? Aseme mbele ya bantu kwamba mi ni muongo?"

Muuguzi aliita jina lake. Nilimshika mkono, tukaingia, nikatafsiri kila kitu kuhusu jicho lake kwa uangalifu, neno kwa neno. Kwenye kulasi ile hapakuwa na alama yoyote, si usoni, si ubavuni, tangu asubuhi ilipoondoka Dzaleka.